Mwaka Niliokabidhiwa Vijiti

Anjelina alinipigia simu asubuhi, kabla hata sijanywa chai, akaniambia Dorika amekufa. Hakuanza na salamu. Alisema tu, "Trufosa, Dorika ametuacha. Tunazika Jumamosi. Utakuja ama hutakuja?" na nyuma ya sauti yake nikasikia jogoo akiwika upande wake wa simu, huko Shianda. Mimi nilikuwa nyumbani Lugari, nimesimama uani na debe la mbegu mkononi, kwa sababu mvua ilikuwa imeshaanza na majirani wote walikuwa wamenitangulia kupanda. Nikasema nitakuja. Baadaye mume wangu aliniuliza marehemu alikuwa nani kwangu. Ndugu hakuwa. Rafiki nalo ni neno nililomnyang'anya zamani sana. Nikamwambia ni mama mmoja niliyewahi kuishi kwake mwaka mzima, na huo ulikuwa ukweli, ila haukuwa hata robo yake. Watoto wangu wanachojua ni kwamba mama yao hali kumbikumbi. Wamenitania kwa hilo tangu wakiwa wadogo: Mluhya gani huyu anayekimbia kumbikumbi kama mzungu aliyefika jana? Hucheka nao, nikawakaangia, nikawapakulia, nikaketi mbali na sahani. Sababu sijawaambia hata siku moja.

Nilikotoka na kwa nini sikuwa na nyumba ya kurudi nitayaacha. Hayo yana mahali pake. Nilifika soko la Shianda nikiwa msichana aliyemaliza shule juzi, nina mfuko mmoja wa nguo, naulizia kazi yoyote. Dorika alikuwa ameketi chini nyuma ya gunia alilotandaza mboga, mguu mmoja ameunyoosha, akanitazama toka juu mpaka chini. "Wewe unajua kuchambua mrenda," akaniuliza, "ama unajua tu kusoma?" Nikasema najua. Akanisukumia fungu, nikaketi, na kufikia saa sita nilikuwa nimeshaambiwa nitalala wapi. Chumba chake kilikuwa nyuma ya mashine ya kusaga unga, ukuta mmoja kwa vyote viwili. Mashine ikiwashwa vikombe vilitetemeka kwenye rafu, na unga ulipenya kwenye nyufa ukatua juu ya kila kitu, juu ya kitanda, juu ya Biblia, juu ya nywele za watoto wake watatu, mpaka jioni sote tulifanana na wazee. Pazia la leso lilikigawa chumba. Upande wa mlango tulipikia na kulia, na mimi nilitandika mkeka upande wa nyuma pamoja na watoto. Sijawahi kulala vizuri kama nilivyolala kwenye mkeka ule.

Kila jioni tulikula mboga tulizoshindwa kuuza. Mrenda na kunde, au saga, ile mboga chungu, siku za uchungu, zimepikwa kwa musherekha, yale maji ya majivu ya maganda ya maharagwe ambayo Dorika aliyachuja mwenyewe kwenye kopo lililotobolewa chini, tone kwa tone, na asiruhusu mtu kuligusa. Obusuma, ugali wetu, ilikuwa ya wimbi na muhogo, nyeusi, inashika vidole. Alimega bonge la kwanza akanipa mimi kabla ya watoto. "Kula," alisema. "Hii mwili yako ndiyo panga yako." Nilimpenda. Nataka niliseme hilo bila kulizungusha, kwa sababu mengine yote hayaeleweki bila hilo. Nilimpenda kama msichana asiye na mtu anavyompenda wa kwanza anayemuwekea chakula, na nilidhani chakula ndicho kiapo. Mpaka leo mtu akinipakulia kwa upendo, kuna kitu ndani yangu kinarudi nyuma hatua moja, na watu hudhani nina maringo.

Jioni Anjelina alikuja kunywa chai. Wakati ule alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti, ndiye aliyesimamia safu yetu ya wanawake wa mboga sokoni. Aliyetaka kuketi katika safu ile alipita kwake kwanza. Sisi wadogo sote tulimwita senje, yaani shangazi. Waliketi upande wa mlango wakiongea, wakidhani nimelala nyuma ya pazia, na maneno yao yalizunguka yakarudi daima kwa kukhu Rosa. Kukhu ni bibi, kwa lugha ya kwetu. Huyu alikuwa mwanamke mzee mwenye ulimi mkali na ugoro puani, aliyeishi peke yake ng'ambo ya mashamba ya miwa, na nyuma ya nyumba yake kulikuwa na kichuguu kinachotoa kumbikumbi wengi kuliko vyote tulivyovijua. Hakuwa na binti. Mikono ilikuwa imeanza kumchoka. "Mwaka huu atanipea vijiti," nilimsikia Dorika akisema. "Si nimemchotea maji mpaka shingo imeingia kwa mabega?" Anjelina akacheka. "Atakupea. Atampea nani mwingine?" Nami nyuma ya pazia nikamuombea Dorika apewe.

Vijiti vyenyewe vilikuwa viwili tu, vyeusi kwa kushikwashikwa. Kwa wasiojua: mvua za kwanza zikinyesha na jua likatoka mchana, unajenga fremu ya fito juu ya kichuguu, unaifunika kwa mablanketi na majani ya migomba, unaacha upande mmoja wazi penye mwanga na shimo la kutegea. Kisha unaketi na kugonga vijiti juu ya kipande cha gogo lililolazwa chini, polepole, bila kuchoka, kama matone. Kumbikumbi wakisikia huamini mvua imekuja, hutoka, huufuata mwanga na kutumbukia shimoni. Aliyekabidhiwa vijiti vya kichuguu ndiye mwenye haki ya kugonga pale na ndiye anayewapeleka sokoni, msimu hata msimu. Lakini kulikuwa na jambo moja. Wa kwanza wa mwaka hawauzwi. Hukaangwa hapo hapo uani, majirani wanakuja na chumvi yao, na mwenye kichuguu ndiye anayeonja kabla ya mdomo mwingine wowote. Baada ya yeye, watoto. Baada ya watoto, sisi. Soko huja baadaye. Watu wa Shianda walilishika hilo kwa nguvu. Wakisikia kumbikumbi wameuzwa kabla mwenyewe hajaonja, hawakununua tena chochote katika safu hiyo, si kumbikumbi, si mboga, mpaka mkosaji aondoke.

Nilimjua kukhu Rosa kwa sababu Dorika alianza kunituma nimchotee maji kwa niaba yake. Nilipenda kwenda. Alinifokea kwa kila kitu, jinsi ninavyotua mtungi, jinsi ninavyofagia, kisha akaniketisha mbele ya gogo akanifundisha kugonga, na hapo hakunifokea. Alinifundisha na mengine. Alinieleza mara nyingi, kila mara kama mara ya kwanza, kwamba mtu anayetia mdomoni kumbikumbi ambao mwenye kichuguu hajawaonja amemla huyo mwenyewe. "Hata kama una njaa ya kukuua," alisema. "Hata kama ni mfalme amekupakulia." Nilimwambia nimesikia. Alinirudishia, "Kusikia, hata mbuzi anasikia," akanitaka niseme nitakavyofanya nikipewa. Nikasema nitakataa. "Hata watu wakikukasirikia?" Hata wakinikasirikia, kukhu. Hapo akaridhika, akavuta ugoro.

Mwisho wa kiangazi alituita wanawake wote wa safu nyumbani kwake, akapika viazi vitamu na chai ya maziwa mengi. Tulipokwisha kula, akatoa vijiti chini ya kitanda, akavipitisha mbele ya Dorika, akaniwekea mimi mapajani. Sikujua nifanye nini na uso wangu. Nilimtazama Dorika. Yeye ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza, kirefu kuliko vyote, akainuka akanikumbatia mpaka chai yangu ikamwagika. Njiani kurudi alinishika mkono akiimba. Nikajiambia, ona moyo wa huyu mama. Maana kwangu vile havikuwa vijiti tu. Vilikuwa mahali pa kukaa. Nilikuwa nimepata kazi isiyoweza kuisha, na watu wa kuuliza habari yangu nikichelewa. Nilivining'iniza kwenye msumari juu ya mkeka wangu, na nilikuwa nikiamka kuvitazama.

Mvua zilianza, na wiki hiyo hiyo kaka yake kukhu Rosa akafariki huko Matungu. Kukhu akaenda kwenye matanga, akaniachia neno kwamba kichuguu kisiguswe mpaka arudi. Nikasema sawa. Kesho yake Dorika akanifungia mboga kwenye gunia, akaniambia nimpelekee Mama Zuhura kule Mumias, aliyetaka kunde na saga nyingi kwa sababu nyumbani kwake kulikuwa na arusi. Nilibishana kidogo, maana Mama Zuhura kwa kawaida alikuja mwenyewe sokoni. "Nenda tu," Dorika akaniambia, akanifunga leso vizuri mabegani kama mtoto. "Hata utakula pilau." Na kweli nilikula pilau. Mama Zuhura alinipokea kwa "Karibu, mwanangu, karibu," akanikalisha kwenye jamvi na wanawake wa nyumba yake tukachambua mboga pamoja, wakiniuliza ninaolewa lini. Mchana ilinyesha mvua kubwa, ikakatika ghafla, jua likawaka juu ya mabati yanayotoa moshi. Mama Zuhura alitazama nje. "Huko kwenu leo watatoka hao kumbikumbi wenu," akasema. Nikamwambia watatoka waruke zao, mwenye kichuguu yuko Matungu na hakuna atakayewagusa. Nilisema hivyo kwa majivuno, mdomo umejaa.

Niliporudi kabla ya giza, harufu ilinipokea mlangoni. Watoto walikuwa na midomo inayong'aa mafuta. Kulikuwa na beseni mbili zimefunikwa kwa majani ya migomba, na Dorika alikuwa akipepeta mabawa kwenye ungo, akiimba. "Nimewapata kwa mtu wa Matungu," akaniambia kabla sijauliza. "Kaa, nikuwekee." Nikasema nimeshiba pilau, na nilikuwa nimeshiba kweli. Nilipokwenda kuweka leso yangu, niliona vijiti viko pale pale msumarini, lakini ncha zake zilikuwa na udongo mbichi. Nikamuuliza. "Watoto wamechezea," akajibu. Nikaamini. Nasema niliamini, ila ukweli ni kwamba nilichukua lile jibu kama mtu anavyochukua mwavuli wa jirani wakati wa mvua, bila kuukagua. Siku iliyofuata aliwauza wote kabla ya saa nne, na wateja walimsifu.

Kukhu Rosa alirudi akakuta mabawa yametapakaa uani na shimo halikufukiwa. Habari ilifika sokoni kabla yake. Siku hiyo hiyo watu walianza kuipita safu yetu bila kuitazama; akina mama walionunua kwetu kila siku walikwenda kununua mboga za jana kwenye safu nyingine. Kesho yake Anjelina akatuita sote kwenye kibanda cha samaki wakavu, kukhu akaketishwa kwenye kigoda, na majirani zake nao wakaja wakasimama mlangoni. Anjelina akauliza nani amegonga. Dorika alikuwa na ungo wa maharagwe mapajani, anachagua. Hakuinua kichwa. "Vijiti ni ya nani?" akasema. "Si ni ya Trufosa? Mimi aliniambia kumbikumbi imetoka Matungu, nikamsaidia tu kuuza." Nikadhani sijasikia vizuri. Nikasema nilikuwa Mumias, Dorika mwenyewe ndiye aliyenituma. Hapo akainua kichwa, akanitazama kwa macho yale yale aliyonitazamia akinimegea obusuma. "Mimi?" akasema. "Nilikutuma lini, mwanangu?" Lile neno mwanangu ndilo lililonikata sauti. Uongo ningeweza kushindana nao. Nikasema muulizeni Mama Zuhura, lakini ilitoka kama mnong'ono na hakuna aliyeitika.

Kisha Anjelina akaleta sahani. Alikuwa amepata kumbikumbi waliobaki kwa mteja mmoja, wachache, wamepoa. Akasema kila mmoja wetu ale, mimi na Dorika, mbele ya kukhu, na asiye na hatia atakula bila kuogopa. Dorika akachota kwa vidole vitatu, akatafuna, akameza, akafuta mkono kwenye leso. Sahani ikaja kwangu. Nilimtazama kukhu Rosa. Alikuwa hajaonja msimu ule. Nilijua yeye peke yake ndiye atakayenielewa, na nilijua anakumbuka kila neno aliloniambia mbele ya gogo. Nikasema siwezi, kukhu hajaonja. Mlangoni mtu mmoja akaguna. Mwingine akasema, "Mnaona? Inamkaba." Nikamngoja kukhu aseme neno. Aliinamisha kichwa, akanyoosha mkono, akaomba vijiti vyake. Nilikwenda kuvitoa msumarini nikampa, na Anjelina akaniambia, "Basi, Trufosa. Chukua nguo zako." Nilipokuwa nafunga mfuko, Dorika aliingia akafunga obusuma na mrenda kwenye jani la mgomba, akaniwekea juu ya nguo. Na kwa sababu nilikuwa na njaa, mbele kidogo ya miwa ya mwisho niliketi kando ya barabara nikakila chakula hicho chote huku nalia. Nimewahi kusamehe mambo mengi, lakini kila nikikumbuka jinsi kilivyokuwa kitamu, hasira hurudi mbichi.

Maisha yalienda. Lugari walinipokea, nikaolewa, nikalima mahindi, nikawa mtu. Kilichonisimamisha miaka hiyo yote kilikuwa wazo moja dogo: kwamba walidanganywa. Dorika alinisaliti, huyo nilimjua, lakini wale wengine walidanganywa, na kukhu Rosa zaidi ya wote. Nilijiambia kama angejua ukweli angetuma mtu aniite. Alipokufa nilisikia baadaye, nikamlilia jikoni kwangu peke yangu. Nililia kwa sababu alikufa akidhani mimi ni mwizi.

Jumamosi nilifika Shianda mapema. Walikuwa wameshaweka hema, na wanawake wa soko wameketi nyuma ya nyumba wakichambua mboga za wageni, wengi wao wasichana nisiowajua. Anjelina nilimjua kwa sauti. Amekuwa mdogo, meno hayapo, lakini bado ndiye anayesema sufuria ipi itangulie. Akaniketisha karibu yake, akanishika mkono, akauliza habari za wajukuu. Binti mmoja akatuletea chai ya turungi na sahani ya kumbikumbi, maana ndio msimu. Anjelina akaisogeza kwangu. Nikasema asante, senje, sitakula.

"Mpaka leo hukulangi?"

"Mpaka leo."

Akageuza kikombe mkononi. Ndani walikuwa wakiimba. "Saa hii Dorika ameenda," akasema, "naona hakuna ubaya nikikuambia. Wewe hukuiba. Sisi tulijuanga."

Nikamuuliza walijua lini. Nilitarajia aniambie ni baada ya miaka, kwamba Dorika aliugua akaungama.

"Kabla ya kile kikao cha kibanda cha samaki," akasema. "Jioni ya kuamkia siku ile. Dorika alienda kwa kukhu akalia akasema yote. Alisema ni wivu. Kukhu akatuita sisi wakubwa. Lakini soko ilikuwa inataka mtu, Trufosa, uliona mwenyewe watu walikuwa wametuhama. Na Dorika alikuwa na watoto watatu. Tungemfukuza aende wapi na hao watoto? Wewe ulikuwa msichana, umesoma, ulikuwa na miguu."

Nilitaka kusema kitu, lakini kilichotoka kilikuwa swali ambalo sikutaka jibu lake. Nikamuuliza kama kukhu alikubali.

"Kukubali?" Anjelina alinitazama kama anayenionea huruma. "Sisi tulikuwa tunaogopa utakula, na ukila watu watasema huna makosa, tuanze upya. Kukhu ndiye alituambia tusiogope. Alisema, 'Mwekeeni sahani. Dorika atakula. Huyo mwingine hatakula, mimi mwenyewe nimemfundisha.'"

Wasichana waliendelea kuchambua. Mmoja alicheka kwa jambo lake. Kukhu ninayemlilia mimi alikuwa ameketi kwenye kigoda kile akijua nitakachojibu, kwa sababu alinifanyia mazoezi, na heshima yangu kwake ndiyo aliyonifungia nayo mlango. Mkono wa Anjelina ulikuwa bado juu ya wangu. Niliutoa.

Tukaitwa kaburini. Watu waliinuka, viti vikaburutwa, na Anjelina akanyoosha mkono nimsaidie kusimama. Nikamsaidia, maana ni mzee. Aliponiona uso akanivuta karibu.

"Usimkasirikie marehemu," akaninong'oneza. "Hayo ni maneno ya zamani."

"Kwenu ni ya zamani, senje," nikamwambia. "Mimi nimeambiwa leo."